Kiini Kinachoitwa Profesa

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa maabara kasema wageni wataonyeshwa kiini chetu Ijumaa, na mpaka leo hakina jina. Kiini! Ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayoiamrisha kompyuta nzima. Shemeji yangu, mume wa dada, kaandika mistari elfu tisa ya programu yake. Mimi arobaini. Lakini arobaini yangu imenyooka! Yeye anakiita Jaribio la Saba. Jina gani hilo, kama dawa ya panya? Mimi nimeshamwambia Mama kitaitwa Profesa, yaani mimi, ndivyo ninavyoitwa tangu shule. Naye kawatangazia wenzake wote wa kikundi cha ushonaji. Ijumaa anakuja kuliona kwa macho yake. Nimekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Niliweka sanduku karibu na birika la chai, kila mtu apendekeze jina kwa siri. Nikatumbukiza karatasi kumi na nne za "Profesa", miandiko mbalimbali, mpaka wa mkono wa kushoto. Mkuu akalifungua mbele ya watu. Akauliza maabara ya watu sita imepataje kura kumi na tisa. Nikasema labda fundi umeme alipita. Wakaangua kicheko! Shemeji tu hakucheka, alikuwa ameinamia kompyuta yake. Kura zote zikaenda jalalani.

Alhamisi, 6 Machi

Mama kapiga simu: kashona gauni jipya la kesho. Mungu wangu! Ndipo wazo likaja. Mistari yangu arobaini ndiyo inayoandika ujumbe kiini kikikwama. Humo hakuna anayenigusa. Nikachomeka jina langu, herufi kubwa ajabu. Mjanja mimi!

Ijumaa, 7 Machi

Mjanja wapi! Kiini kiliwaka, kikafanya kazi nusu saa nzima. Hakikukwama hata kidogo! Kisipokwama, jina halitoki. Sikuliwaza hilo. Mama yuko mstari wa mbele, anatazama ukutani penye picha ya projekta, ananitazama mimi, anatazama ukutani. Jasho mpaka kwenye soksi. Nikasogea nyuma ya meza, nikachomoa diski.

Ukuta mzima ukaandika: PROFESA AMEKWAMA. ZIMA, WASHA TENA.

Kisha vigelegele, vya Mama peke yake. Wageni wakaaga kabla ya chai. Shemeji akaniambia taratibu kwamba ningemwomba tu, angekipa jina langu tangu mwanzo. Yeye alitaka kifanye kazi, basi. Niliona haya. Haya ya kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Jina limeshika! Jengo zima, hata wahasibu, kompyuta ikizimika ghafla wanasema imefanya Profesa. Mkuu kachoka kubishana, kalibandika rasmi mlangoni. Nani kama mimi?

Dada naye kajifungua salama, binti. Mimi ndiye niliyetumwa kuichukua fomu ya kumsajili mtoto pale dirishani hospitalini. Nafasi ya jina iko wazi. Wazazi wataijaza jioni. Nilipaswa kuwaomba, najua. Ila dada kalala, na shemeji kasinzia kwenye benchi, maskini, amechoka. Niwasumbue ya nini? Kalamu ninayo.