Chupa ya Kivumbasi Iliyopanda Gari la Serikali

Wakazi wote wa Songea mnaarifiwa kwamba kuanzia sasa hakuna jani litakaloruhusiwa kunukia bila kibali. Uamuzi huu umefikiwa na Kamati ya Usimamizi wa Harufu za Majani Tiba, ambayo mimi ndiye katibu wake, baada ya vikao tisa na chapati zisizo na idadi.

Tulianza na Mama Kunegunda wa Ruhuwiko. Mama huyu alikuwa akichemsha majani ya kivumbasi kwenye sufuria iliyotobolewa mfuniko. Mvuke ulipita kwenye mrija uliozamishwa ndani ya ndoo ya maji baridi, na mwisho wa mrija yakadondoka mafuta. Watu wenye mafua walijipaka kifuani na kupata nafuu. Hapo ndipo tulipoingiwa na wasiwasi: nafuu gani hiyo isiyo na fomu?

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Sixbert, akaandika kanuni kwa mkono wake: "Chombo chochote kilichobeba mafuta yaliyochanganywa, au yanayoshukiwa hivyo, kitazuiliwa stoo." Tukabeba sufuria, mrija na ndoo.

"Wanangu, kivumbasi kiko shambani kinachanua," alisema Mama Kunegunda. "Wiki chache tu majani yatakauka, nitabaki mikono mitupu. Mtanirudishia lini?"

"Majibu ya maabara yakitoka, mama," alijibu Mwenyekiti. "Sayansi haiharakishwi."

Tulichukua chupa moja ya mafuta kama sampuli. Kwa kuwa ofisi ina joto, Mwenyekiti alijitolea kuitunza ndani ya gari la serikali, lenye kiyoyozi. Kiyoyozi hakifanyi kazi gari likizimwa, hivyo gari likalazimika kutembea: sokoni, kwa fundi nguo, hadi Mbesa kwenye harusi ya shemeji yake. Yote hayo niliyaandika kwenye muhtasari, maana mimi ni mtu wa kumbukumbu.

Ikaingia baridi ya Juni. Mwenyekiti akashikwa na mafua, akaikagua sampuli kwa kifua. Mimi nilikagua kidogo tu, kiasi cha katibu. Lakini fomu ya maabara inataka chupa iliyojaa, na sisi hatuvunji taratibu. Nikajazia mafuta ya alizeti. Mwenyekiti, mtu wa hadhi, akajazia marashi yake.

Siku ya majibu alijaza ukumbi. Alimwalika hata Bi Agape, mkaguzi kutoka makao makuu. Mkemia, Bwana Majidi, alipotaka kumnong'oneza jambo, Mwenyekiti alikataa katakata.

"Soma kwa sauti! Wananchi wajue wanapakwa nini!"

Majidi akakohoa kidogo, akasoma. "Mafuta ya alizeti, asilimia sabini na mbili. Marashi ya kiume, asilimia ishirini na tano. Kafuri na viungo vingine vya kivumbasi, asilimia tatu. Hizo tatu, wallahi, ni safi kabisa."

Mama Kunegunda aliinuka, akapita mbele hadi kwa Mwenyekiti, akavuta pumzi.

"Hizo ishirini na tano," alisema, "ziko hapa."

Ukumbi ulicheka hadi viti vikalia. Bi Agape hakucheka. Aliomba kanuni, akaisoma mara mbili, kisha akanigeukia.

"Katibu, mafuta haya yaliyochanganywa yalibebwa na chombo gani?"

Ningeweza kusahau. Lakini muhtasari ulikuwa mezani, na mwandiko ni wangu.

"Gari, mheshimiwa."

Jioni ile ile sufuria ilitoka stoo, gari likaingia. Mama Kunegunda aliwahi majani ya mwisho.

Wiki iliyofuata Mwenyekiti, ambaye sasa anapigwa na baridi kwenye bodaboda kila asubuhi, alifika Ruhuwiko akipiga chafya, kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Hata matone mawili tu?"

Mama Kunegunda aliitikia marahaba, akamwonyesha mwisho wa foleni.

"Kaa hapo, baba. Sayansi haiharakishwi."