Kadi za Buluu za Binti wa Mukasine

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mungu asifiwe, kazi imepatikana! Mukasine, mama anayevusha karoti kwenda Goma kila asubuhi, amenipa mimi kazi ya kuchapa kadi za harusi ya binti yake Liliane. Mimi! Siyo Jean-Luc, mwenye duka la kompyuta ng'ambo ya barabara. Anazitaka Ijumaa asubuhi, azivushe mwenyewe mpakani, pale Petite Barrière. Kaka zake wa Goma wana makuu: bila kadi mkononi hawaji. Na harusi bila wajomba ni aibu.

Nikabonyeza kuchapa. Skrini nzima ikawa buluu, mashine ikazimika. Mukasine, nyuma yangu, akauliza kama hiyo ndiyo rangi ya kadi. Nikasema ndiyo. Ningesemaje? Akafurahi: "Bleu iko muzuri!"

Jumanne, 9

Buluu tena. Nimeipangusa vumbi, nimeipepea, nimeiombea. Binamu Gentil, kwa simu kutoka Goma, anasema ni draiva, ile programu ndogo inayowezesha kompyuta kuelewana na printa. Imezeeka. Kweli, masasisho niliyafunga tangu ninunue mashine, yasinilie bando. Nimeokoa bando jingi sana. Najivunia.

Jumatano, 10

Gentil amenitumia laini yake ya simu kwa mkono wa Mukasine. Mtandao wa Goma unafika hadi dukani kwangu, wala hauonyeshi kitambulisho mpakani! Nimepata tovuti yenye kitufe kikubwa cha kijani: draiva zote duniani, bure. Nimekibonyeza. Asante, Gentil.

Jioni. Picha kwenye skrini imepinduka, juu chini. Nikapindua skrini yenyewe, nikaiegemeza kwenye ndoo. Naona vizuri. Nikabonyeza kuchapa: buluu ileile.

Mukasine amepita. Ameshanunua vitenge vya buluu kwa mashangazi wote. Liliane alitaka waridi, amelia, kisha amekubali. Nimejisikia vibaya kweli. Kama dakika mbili.

Alhamisi, 11

Nimebeba kila kitu hadi kwa Jean-Luc. Nimemwambia ni vya shemeji yangu, mtu asiyejua mambo. Hakucheka. Akapindua printa, akasoma namba iliyo chini yake, akaenda tovuti ya walioitengeneza, akachukua draiva ya namba hiyohiyo. Takataka ya kitufe cha kijani akaifuta, picha ikakaa sawa. "Bon, masini iko muzima. Draiva ndiyo ilikuwa ya zamani. Ambia shemeji asifunge mise à jour." Yaani masasisho.

Kadi zikatoka. Buluu safi! Hakutaka hata soda. Nimemshukuru mara tatu. Kwa niaba ya shemeji.

Jumatatu, 22

Harusi ilikuwa juzi. Wajomba wote walikuja, kadi mkononi. Liliane alinishika mikono, akasema mashangazi wamependeza kuliko alivyotarajia. Mukasine akanisimamisha mbele ya watu, akanishukuru kwenye kipaza sauti kwa kumchagulia rangi. Machozi yalinitoka. Jean-Luc alipiga makofi kuliko wote. Mtu mwema sana huyu. Nimemwombea.

Leo kompyuta imeomba ruhusa ya kujisasisha. Nimeikatalia, nikayafunga masasisho yote. Bando si maji ya Ziwa Kivu. Tena nimezirudisha zile draiva za kitufe cha kijani, maana cha bure hakikataliwi.

Mchana Mukasine kaja na binti yake wa pili, Cyuzuzo, aliyechumbiwa. Nikawasha mashine niwaonyeshe mifano ya kadi. Skrini ikawa nyeusi tii. Wakatazamana. Mukasine akauliza kama na hiyo ndiyo rangi ya kadi.

Nikamwambia hiyo ndiyo fasheni ya mwaka huu.