Malalamiko ya Mlango Wangu Kusingiziwa Kupiga Watu

Kwa Bibi Ofisa wa Ustawi wa Jamii,

Salamu nyingi kwako. Mimi ni fundi seremala wa hapa mtaani, miaka thelathini kwenye randa, niliyeachia shule darasa la sita kwa kuwa mwalimu hakuwa tena na la kuniongezea. Milango yangu inajulikana. Mmoja ulizolewa na mafuriko pamoja na fremu yake, ukaonekana mtaa wa pili komeo bado limefungwa. Mwingine ulimtesa mwizi mpaka mwenye nyumba akamhurumia, akampa chai.

Sasa jina langu linachafuliwa. Malalamiko ni haya:

1. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ameolewa na kijana mpole ambaye mtaa mzima unamwita Mstaarabu. Jina hilo nilimpa mimi, siku alipokuja kuposa. Mlango wa chumba chao niliutengeneza mimi, zawadi ya harusi. Tangu mwaka jana, kila mpwa wangu akiulizwa jicho limevimbaje au mdomo umepasukaje, anajibu, "Nimejigonga mlangoni." Mlangoni! Mara nne. Wateja wawili wameshaniambia hawataki mlango wangu, wana watoto wadogo.

2. Fundi cherehani wa pale kona amevuka mipaka ya futi kamba yake. Mpwa wangu alikwenda kushonewa gauni la mikono mirefu, la tatu hilo, na joto lilikuwa la kumvua mtu shati. Mama huyu akatoa watu wote nje, akashusha pazia, akaona mkononi alama za vidole. Akamwuliza, "Mwanangu, huo mlango wenu una vidole vingapi?" Bibi Ofisa, hayo ni maneno ya kusema juu ya kazi ya fundi mwenzio?

3. Ili kujisafisha, nilikwenda kuukagua mlango mwenyewe. Kitasa kiko usawa wa nyonga. Jeraha liko jichoni. Mlango unafungukia ukumbini. Yeye anaumia akiwa chumbani. Bawaba hazichezi. Upande wa nje, chini, palikuwa na ufa wa saizi ya kiatu, lakini Mstaarabu aliniambia, "Mjomba, upepo huo," nami nikaheshimu maelezo ya mkwe. Bado sikuridhika. Jumatatu nikaung'oa, nikaubeba kichwani hadi karakana, nikawaachia pazia. Alhamisi mpwa wangu akaja kashika mbavu. Kulikoni? "Mjomba, nimejigonga mlangoni." Mlango ulikuwa mbele yangu, nimeulaza na kuweka kikombe cha chai juu yake. Tangu Jumatatu haujatoka hata nje kupunga upepo.

4. Badala ya kutangaza kwamba mlango hauna hatia, fundi cherehani alimpeleka mpwa wangu zahanati, akaandikiwa karatasi, kisha akamleta kwako, nanyi mkampa pa kulala bila kumshirikisha mjomba. Msuluhishi wa ukoo ni mimi! Amekuja kwangu mara mbili akilia, na mara mbili nimemrudisha kwa mumewe kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia avumilie na awe anaangalia anapopita. Usuluhishi wote ulichukua nusu saa, na Mstaarabu akanisindikiza hadi njia panda.

5. Kwa hiyo naomba mlango uandikiwe barua yenye muhuri kwamba haujawahi kumpiga mtu. Fundi cherehani arudi kwenye kupima viuno. Na mpwa wangu arudishwe kwake kabla ya Jumapili, maana jana Mstaarabu alikuja karakana kudai mke wake na mlango wake, akalipiga teke benchi langu, ambalo nalo halikuwa limemkosea kitu.

Nawatakia kazi njema. Nisalimie makarani, mlinzi wa getini na mama anayepiga deki korido, maana alinipisha vizuri nilipopita na viatu vyenye matope.

Ni mimi, mjomba mtu,
Fundi wa Milango Isiyoshindwa

Tanbihi: Kabla ya kuifunga bahasha nimeisoma barua hii kwa sauti. Namba tatu nimeisoma mara tatu. Kama mlango ulikuwa kwangu, basi chumbani kwao alibaki mtu mmoja tu wa kumgonga. Usimrudishe mpwa wangu. Hata nikija mwenyewe na heshima zangu zote kumwombea arudi, nifungieni nje. Namba tatu iwekeni kwenye faili lake. Vipimo ni sahihi, nitavisema polisi na nitavisema mbele ya Mstaarabu. Na pale kwenye namba nne, nilipoandika kwamba nilimrudisha mara mbili, msipafute.