Ombi la Kuandikishwa Kuwa Mbayuwayu

Ndugu Meneja wa Machimbo,

Pokea heshima zangu kutoka nyumba ya mlango wa bluu, chini ya kilima chako cha mawe. Kabla sijalalamika, nikwambie jambo ambalo sijamwambia yeyote, hata bibi ninayelala naye chumba kimoja: nataka kuandikishwa kuwa mbayuwayu.

Siichukii kampuni yako. Ulipotangaza mkutanoni kwamba machimbo na majirani tutashirikiana kulinda ndege wanaojenga kwenye ukuta wa mawe, nilipiga makofi. Nilitaka pia kuuliza swali, lakini watu walikuwa wengi na sauti ikagoma. Nimemaliza shule juzi tu. Kuandika ndiko ninakokuweza.

1. Mbayuwayu wakitaga, baruti husimamishwa upande wao mpaka makinda waruke. Baruti hiyo huhamishiwa upande wetu.

2. Mmewachimbia kidimbwi wapate tope la kujengea. Sisi ukuta wa chumba cha bibi umepasuka, ufa unapitisha kiganja. Bibi anasema siku hizi anajua hali ya hewa bila kufungua dirisha.

3. Wamewekewa uzio ili binadamu asiwakaribie, na mlinzi wa kuwafukuzia paka. Paka hao wamehamia kwetu.

4. Afisa mazingira wenu alipokuja kukagua mitikisiko, bibi alimwonyesha ufa. Afisa akauliza, "Kuna kiumbe yeyote anayeishi hapa?" Bibi akamjibu, "Baba, kwani mimi unanionaje?" Afisa akaandika: hakuna.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, uchague moja. Ama mtume fundi azibe ufa kabla ya mvua, ukuta usije ukamwangukia bibi usingizini; ama mtuandikishe sote wawili kuwa ndege. Kuruka hatujui, ingawa baruti ikilia bibi hukaribia sana. Kidimbwi si lazima. Mayai tutanunua.

Nisalimie wavunja kokoto, dereva wa tingatinga, mlinzi wa ndege na ndege wenyewe. Mwambie afisa kwamba bibi bado yupo.

Ni mimi jirani yako, mpaka hapo ombi litakapokubaliwa,
Mjukuu wa Mlango wa Bluu

N.B. Tafadhali usimtume fundi. Nilipokuwa nakunja barua hii, mbayuwayu wawili wameingia kwenye ufa wetu na tope mdomoni. Bibi amezima redio wasishtuke, na mimi nimekuwa mlinzi wa kufukuza paka. Kitanda tumekihamishia sebuleni, kwa hiyo ukuta usikutie wasiwasi. Ila nakusihi, afisa asijue. Atakuja na uzio, na binadamu wa kwanza kutolewa atakuwa bibi. Baruti tu, kama inawezekana, ipunguze upande huu. Ukiulizwa sababu, sema unamhurumia bibi. Hiyo ya ndege ibaki siri yetu.