Siri ya Majani ya Chepngetich

Jumatatu, 3 Juni 1996
Aibu. Joab, karani wa kituo cha majani, amekataa chai yangu. Ameimwaga chini mbele ya wakulima wote wa Kiptere, akasema hiyo ni chakula cha ng'ombe. Majani magumu, vijiti tele. Nyuma yangu alikuwa jirani yangu, Mama Chepngetich. Yake yamepokewa bila neno. Vibarua wake huchuma wakiimba. Wangu hununa. Watu husema ni kwa sababu anawalipa vizuri. Siamini. Ana siri huyu, na nitaipata.

Jumanne, 4 Juni
Nimejificha kwenye ua wa Chepngetich tangu asubuhi. Nimemwona Nyanchoka, kibarua wake kutoka Kisii, akitoa majani magumu kikapuni mwake na kuyatupa. Hakuna aliyemsimamia. Nikasogea nione vizuri. Siafu. Wamenipanda hadi mahali nisipoweza kupaandika. Nikaruka nje ya ua. Nyanchoka akaniuliza kwa heshima kama nimepotelewa na ng'ombe. Nikasema ndiyo. Wote wakaacha chai wakanisaidia kutafuta hadi mtoni. Watu wema sana. Ng'ombe wangu wote wako zizini.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemsihi Nyanchoka aje awafundishe vibarua wangu. Amekataa. "Mzee, mimi nilifundishwa na Sagini, kibarua wako," alisema. "Huyo hakosi ujuzi. Anakosa sababu."
Sikuelewa. Mke wangu Cherotich ameelewa upesi. Nikiwa nimelala kifudifudi, ananipaka mafuta, amenijulisha kwamba ameshawaahidi vibarua wetu malipo kama ya Chepngetich. Nikaanza kubisha. Akaminya pale palipovimba. Nikakubali.

Jumamosi, 8 Juni
Sagini amefika shambani ukungu haujaondoka. Amemrudishia mwenzake Moureen kikapu, akamwambia achambue upya, hapa hatupeleki takataka. Hatupeleki! Nimelipenda neno hilo. Kituoni Joab ametia mkono kwenye majani yangu, kisha akaita wakulima waje waone: majani mawili na chipukizi, laini kama sikio la ndama. Akauliza ni ya nani.
"Ni yetu," Sagini akasema, kabla sijafungua mdomo.
Nimemshika mkono nikamwambia kongoi, asante, mara nyingi kuliko inavyofaa mwenye shamba. Jioni nimewalipa wote kama Cherotich alivyoahidi. Cha ajabu, sikuumia.

Jumapili, 9 Juni
Nimesimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa ajili ya Sagini, Moureen, Nyanchoka, Mama Chepngetich na mke mwenye busara. Hata siafu nimewashukuru. Waumini wakaitikia amina.
Nimerudi nyumbani na moyo mwepesi, nikakaa nikawaza. Vibarua wanaoipenda kazi namna hii. Wanaoimba. Wanaosema "yetu". Watu kama hao, pesa ni kitu gani kwao? Kesho narudisha malipo ya zamani, wasije wakaharibiwa na tamaa. Cherotich asijue kwanza.