Maombi Yatangulie Sindano

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Huduma za Ng'ambo, ambaye pia ni Shangazi yangu (naandika kwa cheo cha kwanza, cha pili nitakihitaji mwishoni),

Shikamoo, na salamu kutoka chumba cha meno.

Nimepokea barua ya Kamati inayonipongeza kwa mwaka mzima wa kujitolea katika kliniki ya kanisa. Inasema kwamba, kwa kuwa taarifa yetu inaonyesha wagonjwa kumi na mmoja waling'olewa meno na sitini na wanne walipona kwa maombi, Kamati haioni tena haja ya daktari wa meno, na nirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Niliisoma mara tatu nikiwa kwenye kiti cha wagonjwa. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Utaratibu. Mgonjwa akikaa, namchoma sindano ya ganzi. Ganzi huhitaji dakika tano kushika. Dakika hizo Mzee wa Kanisa aliona zinakaa bure, akaomba azitumie kumwombea mgonjwa. Nilikubali. Kosa ni langu: nilimpa shibiri, akachukua pima.

2. Urefu. Wagonjwa wanamwita Mzee Bado, kwa sababu kila ukidhani amefika kwenye amina, bado. Huanza na mgonjwa, akahamia kwa wazazi wake walio hai na waliotangulia, akaiombea ndege iliyonileta ifike salama (ilitua mwaka jana), kisha koleo, taa na sinki. Hapo ndipo wagonjwa wanapogawanyika. Wenye haraka hujigusa shavu katikati ya maombi, wasisikie kitu, wakainuka wamepona. Wavumilivu hungoja amina, na wakati huo ganzi imeshakwisha, kwa hiyo koleo wanalisikia lote. Ushahidi wote unaniangukia mimi: aliyeondoka haumwi, aliyebaki kwangu amepiga kelele hadi foleni ikapungua. Mzee anasema waliobaki walipungukiwa imani.

3. Fundi cherehani. Mama huyu alikuja shavu limevimba kama mto wa kulalia. Mzee alipofika kwenye ndege, mama alijigusa, akaruka kitini: "Limepona! Jamani, limepona!" Foleni ikapiga vigelegele. Nilimkimbilia hadi mlangoni na glavu zangu mkononi, nikimwambia, "Mama, ni ganzi hiyo, rudi nikung'oe!" Akanijibu kwa upole, mate yakimtoka upande mmoja bila yeye kujua: "Mwanangu, usimwonee Mungu wivu." Siku ya tatu alirudi jicho limefunga. Nilipasua jipu, nikang'oa jino, nikamshika mkono mpaka akainuka. Katika daftari la kliniki, ambalo Mzee naye huandika, yumo mara mbili: kwa maombi amepona, kwangu amefika akiwa na hali mbaya.

4. Nilijaribu mazungumzo. Nilimsihi Mzee aombe kabla ya sindano. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Daktari, mtu ambaye hajaiona sindano haombi, anakariri tu." Sindano ikaendelea kutangulia maombi.

5. Kwa hiyo naomba Mzee ahamishiwe chumba cha macho. Likishindikana, ganzi ipewe kadi ya ushirika wa kanisa, ili miujiza yake iandikwe kwa jina lake. Na hilo likishindikana, basi Wajumbe wote wachomwe ganzi kabla ya kikao kijacho, waombewe, wapige kura kama wamepona, kisha wabaki vitini wapige kura nyingine ganzi ikiisha. Sindano nitaleta mwenyewe.

Shangazi, sasa nakihitaji kile cheo cha pili. Wewe ndiye uliyenisukuma kuja, ukasema ninakaa sana ndani ya kichwa changu, nikakae kidogo ndani ya vinywa vya watu. Nimekaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu najua asubuhi ninaamkia nini. Dirishani hapa naona foleni: watu ishirini na sita, kila mmoja kashika shavu lake. Nikiondoka watabaki na maombi yasiyo na ganzi, na hapo Kamati itajua nani alikuwa anamponya nani. Usiniite nyumbani.

Nisalimie Wajumbe, kwaya, mlinzi wa geti, na Bibi. Mwambie meno yake ya bandia asiyaweke tena kwenye kikombe cha Babu.

Wako mtiifu kwa Kamati, mbishi kwa Shangazi,

Binti wa kaka yako,
Daktari wa Meno

N.B. Jino langu la nyuma limeniuma siku nne. Daktari wa meno hapa ni mmoja, na hawezi kujing'oa. Leo mchana, baada ya kusaini barua hii, Mzee aliniambia, "Kaa, mwanangu." Nikakaa. Sindano haikuwepo. Alipofika kwenye ndege, maumivu yalikatika. Kitaalamu najua sababu: neva ikifa, jino hunyamaza. Nilichukua daftari niandike hivyo, nikakuta ameshaniandika, wa sitini na tano. Sikufuta. Kuhusu kumhamishia chumba cha macho, Kamati isubiri kidogo. Jino la upande wa pili nalo limeanza kuuma.