Siku Bodi ya Fasihi Ilipouteka Mlango wa Choo

Sogezeni viti, enyi wasomaji wa chumba hiki, na wewe uliye dirishani funga hicho kitabu kwa muda, kwa maana simulizi nitakayoitoa leo ni nzito kuliko zote zilizomo kwenye rafu hizi. Zimeni simu. Anayekohoa akohoe sasa, amalize. Nawahadithia habari za Bodi ya Wakurugenzi ya Jumuiya ya Kalamu na Wino, jumuiya isiyotafuta faida, iliyoundwa ili watu wapende vitabu. Bodi ambayo mimi mwenyewe, msinitazame hivyo, ni mjumbe wake, Mwakilishi wa Vijana. Nami natangaza mbele ya waliozaliwa na ambao hawajazaliwa: tangu ardhi itandazwe na mbingu iinuliwe, hakujapata kukusanyika jeshi lenye nyoyo za chuma kama hili, jeshi ambalo hakuna hata askari wake mmoja aliyewahi kukipa kitabu kisogo.

Haya. Asubuhi ya vita waliitwa wajumbe kumi na mmoja. Wakaja watano.

Mmoja alituma salamu kwamba ana mafua. Mwingine alisema yuko njiani, na nadhani yuko njiani hadi leo. Waliobaki hawakutuma hata uongo. Lakini hao watano, wallahi, walikuwa watano kweli! Katiba ya Jumuiya yasema watano ndiyo akidi. Pungufu ya hapo hakuna kikao, kuna watu tu waliokaa.

Mbele kabisa aliketi Mwenyekiti, Simba wa Dibaji, aliyeandika dibaji za vitabu vya nusu ya waandishi tunaowajua, akakiita kila kimoja "hazina isiyo kifani", na hakuna hata kimoja alichowahi kukisoma kupita ukurasa wa yaliyomo. Kuliani kwake aliketi Katibu, Mama Kanuni, mwanasheria mstaafu, mlinzi wa Katiba, aliyeibana kwapani kama kuku wa kununua. Kushotoni alikuwapo Mlezi, muuza saruji, aliyefanywa Mlezi wa Fasihi kwa sababu anapenda kuitwa Mlezi, bingwa wa kulala macho yakiwa wazi. Kisha Daktari wa Meno, Mng'oa-Magego, mtu aliyeingia bodini kwa shairi moja tu, alilolitunga harusini kwa mdogo wake, nalo halikuisha. Ubavuni pake, mimi.

Na majemadari hao wote waliketi kwenye viti vya watoto, maana humu hamna vingine, magoti yamefika kidevuni, tai zimelala mapajani, na bado kila mmoja alikaa kama aliye juu ya farasi.

Vita vyenyewe vilikuwa vya nini? Vya chumba hiki hiki cha kusomea mlimoketi. Mwenye nyumba alikuwa amechoka. Kila mwezi aliuliza swali moja: mnakitaka chumba mwaka ujao, au hamkitaki? Na kila mwezi bodi ilikosa watu wa kujibu "ndiyo". Hatimaye akasema: siku fulani, ikifika saa sita mchana bila mikono mitano kunyooshwa, ufunguo nampa Msusi, afungue saluni yake, na vitabu mtajua wenyewe pa kuvipeleka.

Siku ikawa hiyo. Msusi naye akaja mapema, mwanamke mnene wa sauti na mwepesi wa miguu, futi ya utepe mkononi, akaanza kuzipima kuta. "Vioo vitakaa hapa," akasema peke yake. "Pale, sinki la kuoshea nywele."

Nikamtazama Shangazi yangu, dada wa baba, mtunzaji wa chumba hiki, aliyezipaka rafu hizi rangi kwa mikono yake mwenyewe. Aliifuata ile futi kwa macho kama mgonjwa anavyoifuata sindano. Nyuma ya meza yake alikuwa amekwisha kupanga maboksi matupu.

Mikono mitano hewani, basi. Hata mtoto mchanga hunyoosha mkono akitaka ziwa. Lakini jeshi halianzi vita bila hotuba.

"Ndugu wajumbe," akanguruma Simba wa Dibaji, "sisi ni taa. Taa haiwezi kukaa chini ya pipa. Kitabu ni taa. Kwa hiyo sisi ni vitabu."

"Hoja imeungwa mkono," akasema Mlezi usingizini.

Hapo Shangazi akasimama, akajifuta mikono kwa kanga. "Waheshimiwa, samahani. Kabla hamjanyoosha mikono nina ombi dogo. Kila mmoja wenu atutajie kitabu kimoja alichokisoma humu mwaka huu, na neno moja juu yake, ili nimwambie mwenye nyumba kwamba hata wenye chumba mnakitumia. Tuanzie kwa Daktari, tuje kwa huyu mtoto wa kaka yangu, twende hivyo hivyo."

Lo! Enyi mliopata kusikia kimya cha uwanja kabla ya mishale kuruka, kile kilikuwa kelele mbele ya hiki! Simba wa Dibaji aliinua macho, akaanza kuchunguza dari kama anayetaka kuinunua. Mlezi aliamka, akasikia swali, akalala tena. Mama Kanuni aliifungua Katiba na kujifunika nayo uso. Na Mng'oa-Magego, mtu aliyewahi kuweka goti kifuani kwa mwanajeshi na kumtoa gego huku mwanajeshi akimwita mama yake, akaanza kutoka jasho la masikio.

Ghafla akainuka.

"Naomba ruhusa kidogo," akasema. "Tumbo."

Sisemi alikimbia. Nasema tu kwamba upepo aliouacha ulifungua gazeti lililokuwa mezani. Akaufuata ukumbi huu mwembamba hadi mwisho, akaingia chooni, na komeo likalia: ka! Tukasubiri. Tukasubiri tena. Kisha ngumi zikasikika kutoka ndani.

"Jamani! Mlango umekwama! Nimefungiwa huku!"

Najua mnachofikiri. Nani yule aliyesema hakuna askari aliyewahi kukipa kitabu kisogo? Tuyaache hayo, hadithi ina haraka.

Mngeziona nyuso za wakurugenzi! Furaha iliwajaa kama wanafunzi waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Swali la vitabu likaachwa sakafuni kama ganda la ndizi. Wote wakainuka, viti vya watoto vingine vikiwa bado vimewang'ang'ania nyuma, wakaufuata mlango ule kwa hima na hamasa, na Shangazi akawafuata, na Msusi na futi yake akamfuata Shangazi.

"Tuuvunje!" akasema Simba wa Dibaji.

"Simameni!" Mama Kanuni akatandaza mikono mbele ya mlango. "Kuvunja mlango ni kuharibu mali ya mwenye nyumba. Mali haiharibiwi pasipo azimio la bodi. Azimio halipiti pasipo akidi. Na akidi," akaunyooshea mlango kidole, "iko chooni."

Wenye hekima wakatazamana.

"Ewe Daktari!" akaita Simba. "Unatusikia?"

"Nawasikia, Mwenyekiti!"

"Unatuona?"

"Nitawaonaje, na nimefungiwa?"

"Basi hayupo," akasema Mama Kanuni. "Katiba inamtaka mjumbe aonekane na wenzake."

Mlezi, ambaye msukosuko ulikuwa umemwamsha kwelikweli kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, akapiga kofi. "Si apitishe kidole chini ya mlango? Kidole kikionekana, ameonekana."

Kidole kikaja. Kilikuwa kidole kizuri, kisafi, cha mtu anayenawa mara kwa mara. Bodi ikakiinamia.

"Swali," akasema Mama Kanuni. "Tunakihesabu kama mjumbe mzima, au kama sehemu ya mjumbe?"

"Na tutajuaje ni chake?" akauliza Mlezi.

"Cha nani mwingine, Mlezi? Kuna watu wangapi humo?"

"Mimi nauliza tu. Utaratibu ni utaratibu."

Msusi akashindwa kuvumilia. "Wakubwa zangu, samahani. Saa sita inaingia. Mafundi wangu wako nje na vioo, na jua linawachoma."

"Jamani, watu wazima ninyi!" Shangazi akasema. "Mikono tu. Nyoosheni hapa hapa mliposimama."

"Dada, heshimu kikao," akajibiwa.

Ndipo Simba wa Dibaji alipovua koti. Oo, mtakaozaliwa kesho, mtaulizwa mlikuwa wapi koti lile lilipovuliwa! Alimkabidhi Mlezi kama mfalme anayemkabidhi mrithi deraya. Akaichomeka tai ndani ya shati. Akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Ikiwa Katiba inanikataza," akanena, "basi nitauvunja si kama Mwenyekiti, bali kama mwanadamu!"

Akaja. Sakafu ilimsikia. Bega la dibaji zote likagongana na ubao wa mlango, na mlango, kwa kuwa haukupata kusoma sifa zake, haukutikisika. Kilichotikisika ni tumbo, kwa niaba ya mlango. Simba akarudishwa alikotoka na kuketi juu ya ndoo ya kudekia.

"Pole, Mwenyekiti," kikasema kidole.

"Sijashindwa!" Akainuka, suruali imelowa, ndoo imemkatalia kidogo kisha ikamwachia. Akarudi nyuma zaidi ya mwanzo, hadi ukumbi ukamwishia.

Nyuma yetu Msusi alikuwa ameikunja futi. Aliingia chumbani, akanyoosha mkono juu ya meza ya Shangazi, penye msumari wa kutundikia funguo. Hakuwa na ubaya. Ahadi ilikuwa ahadi. Shangazi akaliona hilo. Akavua miwani, akausogelea mlango wa choo, akaongea taratibu, kama anayembembeleza mtoto atoke chini ya kitanda.

"Daktari."

"Naam, dada."

"Lile swali la vitabu nimelifuta. Hakuna atakayeulizwa kitu."

Ewe Historia, inoe kalamu yako hapa! Komeo lile lililokwama, komeo lililoishinda Katiba na bega la Simba, likateleza laini kama kisu kwenye siagi. Mlango ukafunguka. Lakini Simba wa Dibaji alikuwa amekwisha kuondoka alipokuwa, na mtu mzito akishaondoka hageuki. Akampita Mama Kanuni. Akampita Daktari aliyekuwa akitoka huku akijifuta mikono. Akakikuta kizingiti kitupu, akapaa, akaenda kulikumbatia sinki kifua kwa kifua, na bomba likafunguka kwa heshima yake.

"Nimeuvunja!" akalia kutoka majini. "Nimeuvunja!"

"Wajumbe watano, wote wanaonekana!" akatangaza Mama Kanuni. "Akidi imetimia! Kikao kinaendelea kilipo! Wanaotaka chumba kiendelee?"

Mikono ikapanda. Mkavu, mkavu, mkavu, mkavu, na mmoja unaodondoka maji. Saa ya ukutani ikagusa sita, ikakuta mambo yamekwisha. Msusi akaurudisha ufunguo msumarini, akasema, "Haya, riziki haigombwi," akatoka kwenda kuwaondoa mafundi juani. Shangazi akakaa juu ya boksi tupu, akacheka, kisha akajifuta macho.

Na bodi? Mnadhani kuna aliyeuliza komeo lilijifunguaje? Thubutu! Palepale walipitisha azimio la kumpongeza Mwenyekiti kwa kulivunja, ingawa lilikuwa zima na liko pale hadi leo, kalitazameni. Wakapitisha la pili la kumpa pole Mng'oa-Magego kwa mateso ya kifungo. Wakapitisha la tatu, kwamba kipachikwe kibao cha shaba mlangoni, nacho ndicho hicho mnachokisoma kila mkienda haja: *Hapa Fasihi Iliokolewa.* Wakanywa chai, wakamaliza biskuti za watoto, wakapita katikati ya rafu kwenda zao kama watu wanaopita sokoni bila kikapu. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Basi liandikwe, lisomwe, lirithishwe: kwamba palikuwa na mlango, na watu wakubwa wakausimamia, na mlango ukafunguka. Falme zimesimama kwa machache kuliko hayo. Na mkiniuliza mimi nilikuwa wapi, nilikuwa mstari wa mbele. Katika watano, mimi pekee nilikuwa na jibu la Shangazi mdomoni, kitabu changu kiko tayari, ila woga wa Daktari ulininyima zamu. Ile hila ya kujifungia chooni, jamani, ni ya mtu mwoga wa kuzaliwa, mtu asiye na...

"Mtu gani huyo?"

Sauti ilitoka mlangoni. Nilipogeuka nilimkuta Msusi, kitana mkononi, na nyuma yake mteja aliyesukwa nusu ya kichwa, nusu nyingine imesimama. Alikuwa ameteremka kutoka chumba cha juu alichokipata baadaye, kuomba maji kwa Shangazi.

"Karibu, mama," nikasema. "Ndiyo nilikuwa namalizia."

"Malizia vizuri basi. Mimi siku ile nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya viti vyenu, napima ukuta. Nani alimwinamia Daktari akamwambia, 'Nenda chooni, ujifungie, sema mlango umekwama. Ukitoka akidi inavunjika, hatuulizwi sote'? Tena akaongeza, 'Gonga kwa nguvu.'"

Wasikilizaji wangu, mliokuwa wangu, mkaanza kuangua vicheko.

"Shangazi, usimsikilize," nikasema. "Ana uchungu wa kukosa chumba."

"Uchungu upi, mwanangu? Kule juu kuna upepo."

Shangazi aliliweka jagi la maji mezani. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha.

"Chumba changu kiende, watoto hawa wakose pa kukaa, kwa sababu wewe unaogopa kutaja kitabu kimoja?"

"Siogopi, Shangazi. Nilikuwa nacho. Ninacho hadi sasa."

"Kitaje."

Nikatazama upande wa rafu, nikakaza sauti ya kishujaa.

"Kile kizuri sana," nikasema. "Kile chenye jalada la buluu."

Chumba kizima kikageuka pamoja nami kuzitazama rafu, ambako kila kitabu, kuanzia cha kwanza cha juu hadi cha mwisho cha chini, Shangazi alikivika karatasi ya kaki tangu mwaka juzi.